Spea Haijafika

Usenge,
2 Februari 1988

Kwa Fundi Laban Waliaula,
Karakana ya Miguu ya Bandia, Kisumu

Fundi, habari za huko? Sisi tupo, ila mvua imetuvuruga na dagaa wetu wa omena hawakauki.

Kilicho ndani ya gunia ni mguu wa mume wangu, Absalom Ouma, ule uliomtengenezea mwaka juzi. Kondakta wa basi nimemwambia ni cherehani, maana ningesema ni mguu angekataa kuubeba. Mshipi wa kiunoni umekatika.

Nina ombi moja. Usiharakishe. Kama kuna wengine kwenye foleni, watangulize. Absalom hana safari. Nikiutaka nitakuandikia.

Ni mimi,
Selpha Apiyo, Mama Dishon

*

Kisumu,
9 Februari 1988

Mama Dishon,

Cherehani imefika salama. Kondakta aliniuliza ni ya kampuni gani hiyo yenye kidole gumba, nikalibeba gunia nikaondoka.

Mshipi ni kazi ya saa moja, na nimeshamaliza. Nimeweka mpya wa ngozi ya ng'ombe, nikatia na grisi kwenye goti, sasa linakunja vizuri hata kuliko langu. Mtume mwanao Dishon, si anafanya kazi hapa Mamboleo? Apite kesho auchukue.

Mama, nina miaka kumi na miwili katika kazi hii. Watu huja hapa wakinipigia kelele niharakishe. Hakuna aliyewahi kuniambia niende polepole. Kuna nini? Tena ule mshipi wa zamani haukuchakaa, umekatwa kwa kisu. Nimesema tu, usinikasirikie.

Laban Waliaula

*

Usenge,
20 Februari 1988

Fundi,

Una macho wewe. Basi nisikufiche.

Absalom alikuwa mvuvi. Mwaka wa 1984 alikanyaga msumari wa mashua, mguu ukaoza, wakamkata juu ya goti. Alikaa nyumbani miaka miwili. Mimi ndiye niliyemwosha, mimi ndiye niliyembeba mgongoni hadi chooni. Lakini yawa, tuliongea! Miaka ishirini ya ndoa nilikuwa sijawahi kumsikia mtu huyu akimaliza hadithi moja, kila mara yuko majini au yuko kwa watu. Sasa alikaa nami ufukweni akifukuza ndege kwenye omena kwa kijiti, akinichekesha.

Halafu nikasikia habari zako. Mimi ndiye niliyekuja kukupigia magoti, unakumbuka. Mguu ukapatikana, akajifunza kutembea kwa mwezi mmoja. Safari yake ya kwanza unajua alikwenda wapi? Kisian, kwa mwanamke anayeitwa Benta, mwenye hoteli ya chai barabarani. Na sasa ni kila wiki. Anakwenda kwa mguu nilioutafuta mimi!

Sitaki kumdhuru. Nataka akae kidogo tu. Akikuandikia, mwambie spea haijafika kutoka Nairobi. Kila fundi husema hivyo, hatashangaa.

Nimekutumia debe la omena. Si hongo, ni mboga ya watoto.

Selpha

*

Usenge,
12 Machi 1988

Ndugu yangu Fundi,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima, isipokuwa kipande changu kilichoko kwako.

Mama Dishon ananiambia kuna spea mnaingoja. Usiwe na wasiwasi. Najua mambo ya chuma. Injini ya mashua yangu iliwahi kungoja pete moja kwa miezi mitano. Sikuandikii ili kukusukuma. Nataka kujua tu kama ni mimi niliyekosea. Uliniambia nisiingie nao majini, na mimi niliingia mara mbili, nilimwona mtu anashindwa kuvuta mashua nikasahau. Kama ni kutu iliyoleta shida, niambie ukweli, nitajirekebisha.

Nilitamani niingie kanisani Pasaka nikiwa wima. Magongo haya yananichuna kwapa. Lakini Pasaka huja kila mwaka.

Salimia mama na watoto. Ero kamano, asante sana.

Absalom Ouma

*

Kisumu,
21 Machi 1988

Mzee Absalom,

Hakuna kosa ulilofanya. Maji hayana neno. Ni spea tu, haijafika. Ikifika nitakuarifu.

Pole kwa kungoja.

Laban Waliaula

*

Kisumu,
21 Machi 1988

Mama Dishon,

Omena tumekula, na sasa inanikwama kooni. Mumeo ameniandikia akiniomba msamaha. Yeye ndiye anayeniomba mimi msamaha! Nimemjibu ulivyotaka, mistari mitatu, na mkono ulikuwa mzito utadhani nabeba tofali.

Mguu uko ukutani, nauona kila ninapoinua kichwa. Njoo uuchukue. Mambo ya Kisian mkayamalizie nyumbani kwenu.

Laban

*

Usenge,
19 Aprili 1988

Fundi, nivumilie. Ametengeneza nyavu tatu mwezi huu. Jana alicheka mpaka akamwaga uji. Kaa nao, kaa nao hata mwaka.

Selpha

*

Usenge,
4 Juni 1988

Ndugu yangu Fundi,

Jumamosi, tarehe 11, nitakuja mwenyewe. Usidhani nimekasirika. Nimekaa nikafikiri, nikaona labda mguu umekushinda na unaona haya kuniambia. Fundi mzuri ndivyo alivyo. Basi nakuja nikuambie ana kwa ana kwamba si neno. Nipe hivyo hivyo ulivyo, nitaufunga kwa kamba ya nyavu, nitatembea.

Nitashuka Kisian kidogo, kuna mtu nataka kumsalimu, kisha nipande gari jingine. Saa nane nitakuwa mlangoni kwako. Mama Dishon simwambii, atanikataza kwa sababu ya tope.

Nakuletea samaki, mbuta wa kukaushwa, mwenyewe nimemkausha.

Absalom Ouma

*

Usenge,
15 Juni 1988

Fundi,

Absalom amefariki.

Jumamosi nilitoka kwenda kuanua omena, niliporudi nikakuta kiti kitupu. Alikuwa amepanda basi kwa magongo yake. Akishuka Kisian, gongo likateleza kwenye tope, akaanguka, kichwa kikapiga ukingo wa mtaro. Alikaa hospitalini siku mbili bila kutamka neno.

Tunazika Jumamosi. Shemeji yangu Gordon na wazee wa ukoo wamesema hazikwi bila mguu. Ule wake wa nyama ulichomwa hospitalini mwaka ule, hatukupewa tuuzike, na jambo hilo halijawatoka rohoni mpaka leo. Sasa wanasema huu wa mkono wako lazima aende nao, asifike kwa baba yake huko akirukaruka.

Mpe Dishon, ndiye anayekuletea barua hii. Dishon hajui lolote. Wote nimewaambia kwamba spea ilikuwa haijafika. Nisitiri, Fundi.

Selpha

*

Kisumu,
17 Juni 1988

Mama Dishon,

Pole. Pole sana.

Nimemweka Dishon siku mbili akingoja, anisamehe. Mguu nimeufunga kwenye blanketi. Nakuomba uufungue wewe mwenyewe, asiufungue mtu mwingine.

Laban

*

Usenge,
10 Julai 1988

Waliaula,

Niliufungua peke yangu, kama ulivyotaka.

Hivi wewe ulidhani simjui mume wangu? Ndani ya kikombe, pale kigutu chake kilipokuwa kikiingia, nilishona kwa mkono wangu kipande cha gauni langu ili ngozi isimchune. Hapakuwa na kitambaa. Nikajaribu kukunja goti. Halikukunjika. Goti la Absalom lilikuwa la chuma, hili lako ni gogo lililopakwa rangi. Umempelekea marehemu mguu bandia wa bandia!

Gordon alikuwa mlangoni akisema lete, lete, watu wanangoja. Ningepiga kelele, wangeuliza mguu wenyewe uko wapi, na ulipelekwa lini, na aliyeupeleka ni nani. Kwa hiyo nilivuta suruali juu ya gogo lako, nikafunga kamba za kiatu, nikasema tayari. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Watu wakaimba. Benta alikuja, akalia kuliko mimi. Mimi machozi yalikataa.

Mguu wa Absalom uko wapi? Tena kuna neno jingine, na wewe tu ndiye unayeweza kulijua. Siku ile alikuwa akija kwako, au akienda kwa yule?

Selpha

*

Kisumu,
18 Julai 1988

Mama Dishon,

Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana.

Mwezi wa Mei aliletwa hapa kwa mkokoteni mama mmoja, Agneta Nakhungu, muuza viazi vitamu wa Mamboleo. Amekatwa pale pale alipokatwa Absalom. Ana watoto watatu na alikuwa akijikokota sokoni kwa mikono. Magoti ya chuma hutufikia mawili kwa mwaka, na yote yalikuwa yamekwisha. La Absalom lilikuwa ukutani miezi mitatu, na wewe uliniandikia nikae nalo hata mwaka. Tena sitakuficha: alinisalimu kwa Kibukusu, lugha ya kwetu, akataja kijiji cha mama yangu. Siku hiyo hiyo nilichukua bisibisi nikafungua skrubu.

Nilijiambia kwamba goti jingine likija nitamtengenezea Absalom mguu mpya, wala hatajua. Unaona mambo? Spea niliyomdanganya kwamba haijafika, nikaanza kuingoja kweli. Kikombe chake nilikitupa, maana kilikuwa cha mwili wake na hakimfai mwingine. Kitambaa chako nilikiona. Nilikitupa nacho.

Umeniuliza kuhusu siku ile. Barua yake ninayo hapa. Alisema atashuka Kisian kidogo kumsalimu mtu, kisha aje kwangu saa nane. Kwa hiyo yote mawili ni kweli, na siwezi kukupunguzia hata moja.

Langu ni hili. Nilipoisoma barua yake nilishikwa na woga. Ijumaa jioni nilifunga karakana nikapanda gari kwenda kwetu Kimilili, nisije nikamtazama usoni. Hata kama gongo lisingeteleza, mumeo angekuta kufuli mlangoni.

Laban

*

Mamboleo,
2 Agosti 1988

Bwana Waliaula,

Mimi ni Dishon, mtoto wa marehemu Absalom Ouma. Nilikaa kwenye benchi lako siku mbili ukipiga randa, na nikakununulia chai nikiona unafanya kazi ya heshima.

Baba alikaa kwenye kiti miezi minne kwa sababu ya mshipi mmoja. Nimeuliza mafundi wa viatu hapa Mamboleo, wamenicheka. Wanasema ni kazi ya nusu saa. Ulikuwa unangoja kitu kidogo, sivyo? Ungesema tu. Baba alikuwa akikutetea kila siku, kila mtu akikulaumu anasema yule ni fundi mzuri, muacheni.

Nimewaandikia malalamiko wakubwa wa karakana yako. Watakaa tarehe 1 Septemba. Nitahakikisha hushiki randa tena katika mji huu.

Dishon Ouma

*

Kisumu,
5 Agosti 1988

Mama Dishon,

Mwanao amenishtaki, na nimeitwa nikajibu.

Barua zako ninazo zote, ya kwanza ikiwa na lile neno, usiharakishe. Nikizionyesha, la kuchelewa litanitoka. La goti litabaki, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi, maana wakilijua watasema Agneta alipewa mali ya karakana bila kibali, wamvue goti hilo. Juzi nilimwona amesimama akimfunga mwanawe kamba za viatu vya shule.

Sitaonyesha kitu. Nitasema nilikuwa mvivu. Barua zako nakurudishia humu ndani, uzichome au ufanye utakavyo. Usinione mwema. Nimechoka tu kukaa na kitu cha mtu mwingine.

Laban

*

Usenge,
16 Agosti 1988

Nyathina, mwanangu Dishon,

Kabla hujasoma mbali, keti. Humu ndani kuna barua zangu kwa Fundi Waliaula, na zile alizoniandikia yeye. Mwandiko wangu utaujua. Zisome kwa kufuata tarehe, kisha urudi kwenye hii.

Umezisoma. Basi ni hivyo, mwanangu. Mshipi haukukatika. Niliukata mimi, kwa kisu cha samaki, baba yako akiwa anaoga. Kila alipouliza, mimi ndiye niliyemjibu, huku nikimmiminia chai. Na yeye alikuwa akisema, maskini fundi, kazi yake ni ngumu.

Nitakuambia na lile ambalo sikumwambia hata fundi. Miezi ile minne nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniua, Dishon. Namwona mtu anachunwa na magongo, namwona anatazama barabara, na moyoni mwangu nafurahi kwamba leo tena yuko. Alikuwa akiniita Apiyo kama zamani za uchumba, akinitengea kichwa cha samaki. Nilisema nitamrudishia wiki ijayo. Nikasema hivyo kila wiki.

Nimemwambia Gordon na wazee kwamba kilichoko kaburini si mguu wa ndugu yao, na ni kwa nini. Gordon aliinuka akaenda bila kunywa maji. Watakaa kikao. Wakisema nirudi kwetu, nitarudi.

Fundi ana kosa lake, na alijue. Lakini hilo uliloliandika kwenye malalamiko si lake. Futa jina lake uandike langu. Na yule mama wa viazi hapo kwenu, Agneta, usimguse hata kwa neno. Hakuiba kitu.

Ninajua utasema niliona wivu. Niliona. Baba yako alikwenda Kisian kila wiki, na kila wiki alirudi kwangu, kwa goti lile lile. Mimi nilihesabu kwenda tu.

Mama yako,
Selpha

*

Mamboleo,
8 Septemba 1988

Bwana Waliaula,

Malalamiko niliyaondoa kabla hawajakaa. Usinishukuru, sikufanya kwa ajili yako. Baba alikuuliza ukweli kwa maandishi na ukamjibu uongo kwa maandishi. Hilo mimi na wewe tutakuwa nalo muda mrefu.

Nilimtafuta yule mama. Kumbe nampita kila asubuhi nikienda kazini, hata viazi vyake nimewahi kula. Nilikwenda nimejaa hasira, nikitaka kumwambia unajua unatembea na goti la nani? Nikaitisha viazi vya kutosha, akasema gunia lingine liko nyuma ya kibanda, nimfuate. Akatangulia. Goti likawa linalia tak, tak, na nikajikuta nimepunguza mwendo, vile nilivyokuwa nikimpunguzia baba. Sikumwambia kitu. Nilimbebea gunia nikalipa nikaondoka, nikakaa nyuma ya stoo ya kazini mpaka macho yakakauka.

Mama sijamjibu, ni wiki ya tatu sasa. Nikishika kalamu, yanatoka maneno ambayo baba asingependa niyaandike. Watu wa Usenge wananiambia Gordon hamsalimu, na wanawake wamehamisha omena yao mbali na yake, anaanika peke yake.

Jumamosi nitapanda basi la kwenda huko. Sijui nitamwambia nini. Sijui hata kama nitashuka. Wewe huandikiana naye, kwa hiyo nakuomba jambo hili moja: usimwambie kwamba nakwenda. Nikishindwa njiani, sitaki awe amekaa akiningoja.

Dishon Ouma